Nesi Haitwi Mara Mbili

"Usiitike, Bibi! Nakuomba, usiitike!"

"Niachie mkono wangu! Mgonjwa anaita, na weye wanizuia?"

"Hamna mgonjwa humo. Chumba cha wageni kitupu. Ufunguo ninao mimi."

"Lujain, miye nesi tangu mamako hajazaliwa. Nesi haitwi mara mbili."

Lujain akauegemea mlango kwa mgongo. Ilikuwa baada ya Alasiri, jua la Ibra, Oman, bado kali uani, kiyoyozi kinanguruma, na chini ya mlango ilitoka harufu ya spiriti ya hospitali iliyochanganyika na damu iliyolala. Siku ya kwanza alidhani dawa imemwagika. Alipiga deki mara tatu.

Bibi yake, Bi Ghaniya, alikuwa mmoja wa wanawake wanne wa jimbo la Sharqiyah, wote waliorudi kutoka Unguja na vyeti vya uuguzi, waliotumikia jeshi katika vita vya Dhofar, kusini mwa nchi. Katika hema lao la hospitali waliwekeana ahadi: majeruhi akiita, aitikwe wito wa kwanza, kwa kuwa wengine hawakuwa na pumzi ya wito wa pili. Wenzake watatu walikufa mwaka huu. Mmoja wao, Mahfoudha wa mji wa Sur, alikutwa nyuma ya mlango, bilauri ya maji mkononi, macho wazi.

"Jini hilo lilikaa nyuma ya hema lao," Sheikh Nadhir alimwambia Lujain kwa simu kutoka Jalan. "Likajifunza sauti za wanaokufa. Halimwezi mtu ila aliyeitika. Mzuie siku tatu, litaondoka."

Hii ilikuwa siku ya tatu, na tangu mama yake afariki Lujain hakuwa na mtu mwingine duniani ila Bibi.

"Sista," sauti ya kijana ikaita taratibu kutoka ndani. "Sista, maji."

Bibi akasogea mlangoni. "Huyo Hamdun," akanong'ona. "Tumbo lake lilikuwa wazi. Nilimnyima maji, mjukuu wangu. Daktari alikataza."

"Si yeye, Bibi. Soma nami."

Akaanza Ayatul Kursi, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti zilivyozidi, ya kijana, ya mzee, ya mtu anayemlilia mama yake, na kucha zikawa zinakwaruza mbao sawasawa na mgongo wake, na harufu ikapanda mpaka machozi yakamtoka, na Bibi, ambaye hajapata kumwacha mgonjwa akilia, akajishindilia upindo wa kanga mdomoni, akauma, akateremka chini ukutani, mpaka sauti moja ya mwisho ikaita, nyembamba, kama ya mbali, "Ghaniya! Njoo, Ghaniya!"

Kisha kimya.

Harufu ikakatika. Lujain akafungua chumba: mito imepangika, zulia safi. Akamkumbatia bibi yake, huku anacheka na kulia.

"Limekwenda, Bibi! Hukuitika!"

Bi Ghaniya hakucheka. Aliitoa kanga mdomoni polepole.

"Ile ya mwisho," alisema, "imelijuaje jina langu? Kule hemani sote tuliitwa Sista tu."

Kengele ya nje ikalia. Lujain akaenda kufungua. Ahlam, binti wa nyumba ya pili, alisimama pekupeku, nguo yake imelowa damu.

"Mama kaanguka juu ya kioo," alisema. "Kamwita Bi Ghaniya dirishani mpaka roho ikamtoka. Hamkumsikia?"