Nukta Nyeupe za Wexcombe

Jumapili ile Raelene Bodkin aliamka na nia moja tu: kuwapoteza wenzake kumi na saba maporini, kwa upendo mtupu.

Brannoch ni mji wa katikati ya Tasmania ambako kondoo ni wengi kuliko watu, na wana adabu zaidi. Kila Jumapili saa nne asubuhi Raelene na wenzake, kumi na wanane kwa jumla, hukutana mbele ya baa, hukimbia kilomita tisa, kisha hurudi kunywa bia na kula soseji hadi faida yote ya mbio iishe. Usidhani ni wanariadha. Wapo ambao tumbo hufika kwenye kona kwanza, mwenyewe akafuata baadaye.

Mchezo wao una kanuni. Mmoja wao ndiye sungura. Sungura hutangulia alfajiri na mfuko wa unga wa ngano, akiiandika njia kwa nukta nyeupe: kwenye nguzo, kwenye mawe, kwenye mavi ya ng'ombe yaliyokauka akipenda. Duara maana yake njia imekatika, itafuteni wenyewe. Mistari mitatu maana yake mmedanganywa, rudini. Anayeona nukta hupaza sauti, "Nyeupe!" na kundi zima humfuata bila kuuliza. Hakuna anayeuliza. Mtu mzima mwenye akili zake, akishaona tone la unga chini, hukimbia tu.

Leo sungura alikuwa Raelene. Zamu yake iliyopita, mdogo wake Dale aliitangazia baa nzima kwamba njia ya dada yake imenyooka kiasi kwamba hata bibi yao angeimaliza, na bibi ana miaka kumi na moja kaburini. Dale alikuwa mkata manyoya ya kondoo, mwenye mikono kama magogo na mdomo usio na swichi ya kuzimia. Raelene ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimpenda kuliko mtu yeyote duniani, na asubuhi hiyo alitaka kumwona amezama kwenye tope hadi kiunoni.

Kwa hiyo aliipitisha njia Wexcombe. Lilikuwa shamba la matajiri wa zamani, nyumba imeshaungua, lakini viwanja vyake bado vilikuwa vizuri hata ukikasirika unatulia: safu mbili za mialoni mikubwa, ziwa dogo, majani ya dhahabu juu ya umande ulioganda. Raelene alikimbia akitabasamu, akidondosha nukta kila hatua hamsini. Aliporuka ua wa seng'enge, mfuko ukanasa, ukapasuka. Unga wote ukamwagikia kwenye kijito kilichopita chini yake.

Kilomita mbili zilikuwa zimebaki. Saa ilikuwa tatu na nusu.

Sungura anayeishiwa unga huchekwa mwaka mzima. Raelene akaangaza macho. Nyuma ya mialoni kulikuwa na mabanda ya mawe, yale ya mbwa wa kuwindia wa zamani, na ndani ya banda la mwisho kulikuwa na pipa la bati. Akafunua. Lilikuwa limejaa kitu cheupe, laini, chenye harufu ya kuchachuka kidogo. Unga wa mifupa, akawaza, mbolea ya waridi. Ungeonekana vizuri tu kwenye majani. Akaufunga mfuko fundo pale ulipopasuka, akaujaza kwa viganja vyake viwili.

Nje kila kitu kilikuwa kimeganda. Unga ule ulikuwa wa vuguvugu.

Akaandika njia hadi katikati ya mialoni, na kwenye mti wa tatu akaweka mistari mitatu ya kuwakera. Njia ya kweli aliificha upande wa ziwa. Akamaliza, akarudi kupanda kilima kidogo kinachotazama ile safu, akakaa kusubiri kicheko chake.

Wakaja, wekundu, wakihema kama viriba vya mhunzi. Dale alikuwa mbele. Walipofika kwenye mistari mitatu ukasikika mguno wa jumla na matusi ya kirafiki juu ya ukoo mzima wa Bodkin, kisha kundi likageuka. Dale hakugeuka.

"Nyeupe!" akapaza sauti, akipita mti wa tatu.

Raelene akacheka. Kisha akaacha. Mbele ya mdogo wake, kwenye majani, kulikuwa na nukta. Mbele yake nyingine. Na nyingine, zikiingia msituni.

Yeye hakuziweka hizo.

Mtu wa mwisho katika mbio hizi huitwa mkia. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna aliyebaki nyuma. Mkia wa siku hiyo alikuwa mzee Nev Purdon, daktari wa mifugo mstaafu, mwenye magoti yanayolia kama mlango. Alikuwa amepiga goti moja chini ya kilima, kidole kwenye nukta, kidole puani. Raelene akashuka mbio kumwendea.

"Huu unga umeutoa wapi?" Nev aliuliza. Alikuwa akinong'ona.

"Kwenye pipa. Kule mabandani. Mzee Nev, Dale ameenda wapi?"

Nev alijifuta kidole kwenye suruali. Alisema upesi upesi, bila kumtazama, kwamba akiwa kijana alimtibia mtunza mbwa wa mwisho wa Wexcombe farasi wake, na mzee yule akamwonyesha tanuri na kinu. Wexcombe haikuzika mbwa hata mmoja. Mbwa akifa, alikaushwa, akasagwa, akachanganywa kwenye uji wa watoto wa mbwa, ili kundi lisipungue. Walifanya hivyo kwa miaka mia moja na ishirini.

"Sio mbolea hiyo, binti yangu. Ni kundi lenyewe. Umelimwaga njia nzima."

Ndipo ukaanza mbweko.

Haukutoka mahali pamoja. Ulianza kwenye nukta ya kwanza karibu na mabanda, ukapokelewa na ya pili, ukashuka njia ile, nukta kwa nukta. Hapakuonekana mbwa. Majani tu, yakilala chini, kwa upana wa kundi.

Kondoo wa bondeni wakatawanyika. Jike mmoja akachelewa. Aliinuliwa juu, miguu minne ikipiga hewa, kisha akafunguka kutoka koo hadi kiwele kama gunia linalokatwa uzi. Matumbo yake yalivutwa huku na huku. Yalivutwa na vitu visivyoonekana, na vilikuwa vinayagombania.

Msituni Dale akapiga yowe.

Raelene alikuwa keshakimbia. Akang'oa mti wa uzio uliooza, ukabaki na misumari yake miwili. Akapita mti wa tatu. Akapita nukta zisizo zake, zile ambazo kundi lilijiandikia lenyewe. Matawi yalimchana uso, hakusikia. Yowe likawa fupi. Kisha likawa mlio mwingine, wa chini, wa mtu anayeuma meno.

Alimkuta amelala chali, kwenye shina la mwaloni ulioanguka. Mkono wa kushoto haukuwapo kuanzia kwenye kiwiko. Ulikuwa hatua tatu kando, ukitikiswa, vidole vikipigapiga ardhi. Paja lake lilifumuka mbele ya macho ya Raelene, nyama ikaondoka kipande kizima, bila jino, bila pua, bila chochote. Dale alikuwa akipiga ngumi hewani kwa mkono uliobaki, na kila ngumi ilitua kwenye kitu. Raelene alisikia mbavu zikivunjika. Hazikuwa za Dale.

Akapiga hewa kwa ule mti, kwa nguvu zake zote. Misumari ikazama kwenye kitu laini. Kitu kikalia. Akapiga tena. Damu nyeusi ikamrukia mdomoni, baridi. Akapiga tena. Safari hii mti ukadakwa katikati, ukang'ofolewa mikononi mwake, ukapasuka vipande.

Akabaki na viganja vitupu, vyeupe kwa unga.

Pumzi zikamgeukia. Nyingi. Akafumba macho.

Kitu chenye maji maji kikamgusa kiganja. Ulimi. Kisha mwingine, na mwingine, kati ya vidole, kwa pupa, kama wanavyolambwa watu wanaowalisha mbwa. Walikuwa wakimlilia kwa sauti ndogo. Walikuwa wamefurahi.

"Rudini," Raelene akasema. Akarudia. "Rudini nyuma. Mwacheni."

Majani yakanyanyuka kumzunguka Dale. Mkono ukaachwa uanguke. Raelene akamfunga mdogo wake kigutu cha mkono na paja kwa mikono ya fulana yake, akamshika kwapani, akamburuta hadi kwenye mialoni, ambako Nev na wengine walimpokea wakiwa hawana rangi usoni. Nyuma yake, hatua kwa hatua, majani yalilala.

Hospitalini mjini walimshona kwa muda wa saa sita. Madaktari waliandika kwamba ni mbwa wa mtaani. Jioni wakamruhusu Raelene aingie. Alikuwa ameosha mikono mara nyingi kiasi cha ngozi kuchubuka. Akaketi kitandani, akamshika mdogo wake mkono uliobaki, akamwambia kwamba sasa atalazimika kujifunza kunyamaza, maana kushika chupa ya bia na kuongea kwa ishara kwa mpigo mmoja hakutawezekana tena.

Dale alijaribu kucheka. Kisha macho yake yakahamia mlangoni, yakashuka chini, usawa wa goti, yakabaki hapo.

"Dada," akanong'ona. "Umekuja nao."

Raelene hakugeuka. Alisikia makucha yakigonga sakafu ya vigae, taratibu, huku na huku, kama wanaosubiri kuambiwa.

"Wananitazama mimi, dada. Wanakusikiliza wewe."

Raelene alisimama. Kisha akambusu Dale kwenye paji la uso, akamtandikia shuka hadi kidevuni, kama alivyokuwa akifanya zamani, akamwambia alale. Akatoka. Muuguzi wa zamu alimwona akipita kwenye ukumbi peke yake, akipiga kidole gumba na cha kati ubavuni pake, akisema kwa sauti ya chini, "Njooni. Njooni na mimi." Milango inayofunguka yenyewe ilikaa wazi nyuma yake kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Dale alipona, na mguu wake mmoja una kilema. Hajasikia mbweko tena.

Gari la Raelene lilikutwa siku ya nne, ufukweni mwa mashariki, mwisho kabisa wa barabara. Milango yote ilikuwa imefungwa kwa ndani, funguo mahali pake, mafuta yapo. Vioo vya nyuma vilikuwa vimejaa alama za pua kwa upande wa ndani. Hapakuwa na damu. Mkanda wa kiti cha dereva ulikuwa bado umefungwa, umekaza, kwa kipimo cha mtu, na kiti kilikuwa kitupu.