Umekikalia Kiti Changu

"Mabibi na mabwana, nawasalimu kutoka chumba cha marubani. Safari yetu ni fupi, hali ya hewa ni nzuri. Ehem. Kaeni kwa raha."

Shangazi, ambaye alikuwa amefumba macho tangu ndege iache ardhi, alifumbua jicho moja.

"We mtoto! Hiyo si sauti ya mkwe?"

Pamba aligeukia mlango wa marubani. Maji ya kwenye kikombe chake yalikuwa yanammwagikia mapajani na hana habari.

"Si nakuuliza?"

"Siyo, shangazi. Marubani wote wanaongea hivyohivyo."

"Na kukohoa wanakohoa hivyohivyo? Siku anakuja kujitambulisha kwangu alikohoa hivyo mpaka nikamchemshia tangawizi! Usinifanye mtoto."

Alikuwa yeye, mchumba wake. Hata sokoni kwenye kelele zote Pamba angeitambua sauti ile. Shida ni kwamba sauti ile, muda huo, ilitakiwa iwe gereji. Asubuhi alikuwa ameandikiwa ujumbe: "Mpenzi, leo nimepumzika. Napeleka gari kwa fundi, nitashinda huko. Nakupenda." Naye akajibu: "Sawa mpenzi. Namsindikiza shangazi kwao, anaogopa ndege. Narudi kesho." Jibu lake halikusomwa. Kumbe litasomwaje, na mwenye simu yuko angani?

Sasa sikia kwa nini hili lilimuuma Pamba kuliko hata angemfumania na mwanamke.

Pamba mwenyewe alikuwa rubani. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu akitua, abiria hawajui kama wametua. Biashara ilipoyumba, kampuni ikawapeleka nyumbani marubani wa mwisho kuajiriwa, likizo bila mshahara, kwa ahadi kwamba ndege zikikosa marubani wataitwa. Abiria wakarudi. Ndege zikajaa. Lakini badala ya kuwaita walioko nyumbani, kampuni ikawa inawapigia waliobaki: njoo uruke siku yako ya mapumziko, tutakulipa mara mbili.

Marubani wakaitisha mkutano. Wakakubaliana kwamba hakuna atakayegusa safari ya ziada mpaka mwenzao wa mwisho arudi kazini. Na unajua nani alipanda juu ya kiti akawaapisha? Mchumba wake Pamba. Ndiye katibu wa chama, na kila mtu anamwita Katibu. Alisema huku anamtazama yeye: "Ukiruka safari ya ziada, umekalia kiti cha mwenzako!" Watu walipiga makofi mpaka mikono ikawauma. Pamba alilia kwa furaha siku ile, akasema Mungu kanipa mwanaume.

Tangu hapo amekuwa akisubiri simu. Na rubani asiporuka muda mrefu, leseni yake inakufa. Ya Pamba ilikuwa imeanza kukata roho.

Ndege ikatua. Puu! Mizigo ikagonga huko juu.

"Mama yangu!" shangazi akapiga kelele. "Afadhali ungeendesha wewe!"

"Shangazi, tangulia ukanisubiri kwenye mabegi. Nakuja sasa hivi."

"Usipigane na mtu humu ndani."

"Sipigani."

Alibaki kwenye kiti mpaka abiria wote wakatoka. Mlango wa marubani ukafunguliwa. Alitangulia kapteni, mzee wa mvi aliyemfundisha Pamba kazi.

"Pamba, binti yangu! Umetufuata huku?"

"Shikamoo, kapteni."

"Marahaba. Mwenzio yumo ndani." Mzee akashusha sauti. "Binti yangu, nikwambie kweli, mimi hizi safari zake za ziada sizipendi. Nilimgombeza. Akaniambia mmekubaliana nyumbani, kwamba wewe mwenyewe umemruhusu. Nikanyamaza, maana mambo ya ndani kwenu mimi nitayajulia wapi?"

"Nimemruhusu mimi?"

Mzee akamtazama usoni, akaelewa, akavua kofia.

"Basi nisamehe," alisema, akashuka ngazi haraka.

Katibu akatokea na begi lake. Alipomwona alirudi nyuma hatua nzima, kama mtu aliyekanyaga moto.

"Pamba! Wewe... umefikaje hapa?"

"Kwa ndege. Gari imepona?"

"Ngoja nikueleze."

"Nieleze. Leo sina haraka, sina hata kazi."

Waliingia kwenye chumba cha mapumziko cha marubani. Kulikuwa na sofa lililochakaa, birika la umeme na vikombe ambavyo hakuna aliyekuwa na mpango wa kuviosha. Katibu alifunga mlango. Pamba alikataa kukaa.

"Ni leo tu," Katibu alianza. "Walikwama sana, wakaniomba..."

"Kapteni kaniambia."

"Kakuambia nini?"

"Kwamba nimekuruhusu."

Katibu akashika kichwa. "Sawa. Sio leo tu. Lakini Pamba, kwani nilikuwa nafanya kwa ajili ya nani? Ukumbi wa harusi unataka hela. Nyumba inataka hela. Wewe huna mshahara. Ningefanyaje?"

"Kwa nini sina mshahara?"

Katibu akaweka begi chini.

"Nakuuliza, Katibu. Kwa nini mimi sina mshahara?"

"Kwa sababu kampuni imekusimamisha."

"Na kwa nini haijanirudisha?"

"Pamba..."

"Sema! Si uliwaambia watu wote, umepanda juu ya kiti? Sema sasa tuko wawili!"

"Kwa sababu safari zina watu wa kuzirusha," alisema kwa sauti ya chini.

"Watu gani?"

"Mimi. Mimi na wengine wachache."

Pamba alicheka, kicheko kile cha mtu ambaye akiacha kucheka ataanguka. "Kwa hiyo umechukua kazi yangu, ukainunulia harusi yangu. Hongera baba."

"Nilijua watakuita tu. Nilijua ni suala la muda."

"Mwongo. Ulijua kwamba ukikataa wataniita, ndiyo maana ulinificha. Hela ungeniambia tu. Ungeniambia mpenzi, tumebanwa, naomba niruke, na pengine mimi mjinga ningekubali. Hukuniambia. Kuna kitu kingine. Nitazame usoni, niambie."

Katibu alitazama birika. Alitazama viatu vyake.

"Unajua ukitua wewe, abiria wanafanyaje?" alisema mwishowe. "Wanapiga makofi. Nikitua mimi wanashika viti. Kwenye mikutano nasifiwa kwa mdomo, kwenye ndege unasifiwa wewe. Tungefunga ndoa, ungekuwa kapteni kabla yangu, na kila mtu analijua hilo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ulipokuja kukaa nyumbani... Nikirudi unanipokea begi mlangoni. Unaniuliza safari ilikuwaje. Unakaa unanisikiliza mimi. Nilijisikia mwanaume, Pamba. Mungu anisamehe. Nilitaka ibaki hivyo kidogo tu. Kidogo tu."

Pamba akakaa chini.

Aliyakumbuka yale mabegi. Alikuwa anayapokea, anayafungua, ananusa shati la kazi lenye harufu ya chumba cha marubani, kisha anaenda kulia bafuni maji yakiwa wazi asisikike. Katibu alimfuata mara ngapi, akamfuta machozi, akamwambia vumilia mpenzi, simu itakuja?

Na simu ikaita kweli. Ilikuwa ya Katibu.

"Ofisi ya ratiba," alisema huku anaitazama kama nyoka.

"Pokea. Weka spika."

"Pamba, tafadhali..."

"Weka spika!"

Sauti ya mtu mchangamfu ikajaa chumbani. "Katibu, mkombozi wetu! Kesho mchana nina ndege haina rubani msaidizi. Mara mbili kama kawaida. Nikuweke?"

Katibu alimtazama Pamba.

"Hapana," alisema. "Usiniweke. Kesho wala siku nyingine."

"Acha utani, kaka! Wenzako wote nimeshawamaliza. Ukikataa wewe hii naifuta, na mkuu ameshasema ikifutwa hata moja anaanza kuwaita walioko nyumbani."

"Nimesema hapana."

Akakata. Akapiga magoti palepale kwenye zulia, akashika mikono ya Pamba.

"Umeona? Nimekataa! Nimekataa mbele yako. Nitaenda kwenye mkutano nikatubu mbele ya kila mtu. Nivue ukatibu, nisimamishwe, vyovyote. Tuanze upya, mke wangu. Niambie unanisamehe."

Alikuwa analia kweli, si kwa kuigiza. Na Pamba, jamani, bado alikuwa anampenda. Mkono wake ulishaanza wenyewe kwenda kichwani kwa Katibu, kama ulivyozoea. Lakini kabla haujafika, simu iliyokuwa kwenye mkoba wake ikaanza kulia. Alipoona jina la mkuu wa marubani, akaipokea haraka.

"Haloo, mkuu. Shikamoo."

"Marahaba. Pamba, leseni yako bado hai?"

"Bado... bado iko hai, mkuu."

"Basi Jumatatu uje uanze mazoezi ya kurudia, ukimaliza tunakuweka kwenye ratiba. Tumekwama huku. Karibu tena nyumbani."

"Asante. Nitakuja, mkuu. Asante sana."

Katibu aliruka juu. "Umeitwa! Pamba, umeitwa! Mungu mkubwa! Nilikwambia simu itakuja!"

Akafungua mikono amkumbatie. Pamba hakusogea. Alikuwa anaitazama simu, machozi yanamdondokea kwenye kioo chake.

"Neno moja," alisema.

"Nini?"

"Lilikuwa neno moja tu. Hapana. Umelisema sasa hivi, hata hujainuka kwenye magoti nimeitwa kazini. Mimi nilikuwa nalia kifuani kwako, Katibu. Ukinibembeleza. Na neno lenyewe lilikuwa kinywani mwako muda wote huo."

"Lakini nimelisema!"

"Umelisema baada ya kukamatwa."

Alivua pete. Iligoma kidogo kwenye kifundo, akaivuta mpaka kidole kikawa chekundu, akaiweka karibu na birika.

"Pamba, usifanye hivi. Nakupenda. Unajua nakupenda."

"Najua," alisema. "Hilo ndilo linaloniua."

Alitoka, akapita kwenye korido ndefu bila kugeuka. Kwenye sehemu ya mabegi shangazi alikuwa ameketi juu ya begi lake. Alipouona uso ule alisimama.

"Umelia. Mmegombana?"

"Shangazi, nimerudishwa kazini. Naanza Jumatatu."

"Haa! Jamani! Sasa si tufurahi? Nimpigie mshona nguo aongeze vitambaa?"

"Mpigie. Mwambie asishone. Harusi haipo."

"We, una wazimu? Mtu karudishwa kazini leo leo, harusi inavunjikaje?"

"Kwa sababu nimerudishwa, shangazi," Pamba alisema, akamwangukia begani, akalia mbele za watu.