Pengo la Jani Moja

Urembo ulikataa kukutana. Fundi ngozi ambaye wateja walimwita Kipimo, kwa kuwa angeweza kugombana hata na rula, alikuwa amegonga chapa za majani ukingoni mwa mkanda, jani baada ya jani, na alipofika mwisho ikabaki nafasi ya nusu jani. Akapima kwa bikari. Akalowesha ngozi nyingine kwa sponji, maana ngozi kavu haishiki chapa, akasimamisha chuma cha chapa na kuanza upya na nyundo yake ya mbao. Nusu jani tena! Akautupa mkanda kwenye pipa la mabaki, ambalo sasa lilikuwa linashiba kuliko wenye nyumba.

"Ngozi hizi zina wazimu," alifoka.

"Ngozi, au wewe?" mkewe aliuliza kutoka kwenye cherehani.

Marehemu mjomba wake, aliyemfundisha kazi na kumrithisha zile chapa, hakuwahi kufunga ukingo. Kila kazi yake ilikuwa na pengo la jani moja. Kipimo alikuwa akimtania kwamba huo ni uvivu wa uzeeni, na mjomba akijibu tu, "Mwache apitaye apite." Mzee alipozikwa, kazi ya kwanza ya Kipimo ilikuwa mkoba wa bintiye, na aliuzungushia majani mpaka yakakutana, hata yeye mwenyewe asijue alianzia wapi. Aliringa nao wiki nzima. Tangu hapo, hakuna ukingo mwingine uliokubali kufungika.

Hasira zikamhamia nyumbani. Aligombana na chai, akagombana na mlango, akalalamika kwamba kiwiko kinamuuma kama mtu aliyepasua kuni. Kila baada ya chakula cha mchana alijitupa kwenye kiti cha karakana, akapitiwa na usingizi. Ni saa hizo mkewe alipoanza kusikia nyundo, taratibu, ko, ko, ko, na harufu ya ngozi iliyoloa ikitambaa mpaka chumbani kwa mtoto.

"Ulikuwa unagonga nini?" alimuuliza siku moja.

"Nigonge nini nami nimelala? Mama Chiriku, usinitafute."

Chiriku ndiye binti yao, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alasiri moja alitoka chumbani kimya, mkoba begani, akamnyooshea mama yake mkono.

"Mama, mkono umelowa. Na mimi sijagusa maji."

Juu ya kifundo cha mkono palikuwa na jani. Halikuchorwa, lilikuwa limebonyea ndani ya ngozi ya mtoto, mishipa yake midogo ikionekana, na mama alisugua kwa sabuni, akasugua kwa mafuta, akasugua tena huku analia, nalo likabaki pale pale, halimuumi mtoto, haliwashi, halitoki. Alasiri iliyofuata nyundo ililia tena, mkono ukaloa tena, na jani la pili likakaa kando ya la kwanza, kisha la tatu, na mengine siku zilizofuata, mstari ukiuzunguka mkono ule mwembamba kwa unadhifu ambao Kipimo, alipoushika kwenye mwanga wa dirisha, aliutambua kabisa, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani anayepanga majani hivyo.

Wakamwita mganga, mwanamke mwenye mafua na asiye na subira. Aliunusa mkoba, akazungusha kidole ukingoni, akanong'ona.

"Nani amefunga hapa?"

"Mimi, mama."

"Pepo alikuwa mpita njia, ukamzibia mlango. Sasa anajitengenezea ngozi yake. Majani yakikutana kwenye huo mkono, mtoto si wenu tena." Akampa kisu. "Mfungulie."

Kipimo aliutazama mkoba. Tuseme ukweli: alisita. Ilikuwa kazi yake bora kuliko zote, na kuikata kulimuuma. Mkewe akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba Chiriku, unasubiri nini?" Akakata. Upepo wenye harufu ya ngozi mbichi ukampita usoni, mlango wa karakana ukajibamiza, kisha pakatulia. Mkononi mwa Chiriku mstari ulikuwa umebakiza pengo la jani moja.

"Hayo mengine yatafifia," mganga alisema, akamshika fundi kiwiko, naye akaguta kwa maumivu. "Mkono huu upumzike. Usishike chapa mpaka nikurudie. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia."

Kusikia si kutii. Chiriku alirudia kelele zake, nyumba ikacheka, lakini Kipimo hakuwa na raha. Kila mara mtoto alipomletea kikombe, macho yake yalikwenda kwenye lile pengo. Lilimkera. Kazi nzuri vile, iachwe haijaisha! Alijitukana kwa kuwaza hivyo, na kesho yake akawaza tena. Mwishowe alijiambia atagonga mkanda mmoja tu, atulize moyo, na pengo ataliacha kama mjomba. Mkewe alikuwa ametoka. Akalowesha ngozi, akaketi, na joto la mchana likamlegeza kope.

"Baba."

Sauti ilitoka karibu mno.

"Baba, mbona unanilowesha?"

Akafumbua macho. Mkanda ulikuwa sakafuni, mkavu. Mbele yake, juu ya jiwe la kugongea, ulilala mkono wa Chiriku unaochuruzika maji, na mkono wake mwenyewe wa kushoto ulikuwa umesimamisha chapa ya jani katikati ya pengo, imekaa sawasawa, haijazidi wala haijapungua. Alitaka kuuondoa. Mkono wa kulia ulikuwa umeshainua nyundo.