Toleo Jingine la Mkewe

Mabomba ya moshi yalikuwa matatu kila upande, na hapo ndipo Fundi Jicho alipokunja uso. Wenzake wa karakana ya makumbusho walimpachika jina hilo kwa sababu aliitupia jicho moja tu ndege ya kivita ya zamani akakwambia ni toleo la mwanzo wa vita au la mwisho: kwa umbo la mkia, kwa kioo cha rubani, kwa gurudumu la nyuma kama linakunjwa au la. Hii ya sasa, iliyoopolewa ziwani pamoja na mifupa ya rubani wake, ilikuwa na mkia wa toleo la mwisho.

"Mkia huu unataka mabomba sita kila upande," aliiambia, maana alizoea kuongea na ndege. "Umekosea, bibi."

Kesho yake yalikuwa sita. Akadhani wenzake wanamchezea, akacheka, akaendelea kusahihisha: ribiti zinazoshikilia bati za bawa, kifuniko cha injini. Kila alichokitaja kilirekebishwa. Karakana ikaanza kunuka nywele zilizoungua, naye akajitia hamnazo.

Jumamosi mchana mkewe alikuwa jikoni akimenya viazi.

"Kovu lako si lilikuwa mkono wa kushoto?" Fundi aliuliza kabla hajafikiri.

"Kovu gani, mume wangu?" Akauficha mkono chini ya maganda.

Jioni kovu lilikuwa kushoto.

Tangu hapo Fundi hakutamka neno, lakini macho hayakujua kunyamaza, na kila yalipotua, penye sikio lenye tundu moja badala ya mawili, penye jino lililonyooka kupita kiasi, yule aliyekaa naye mezani aliyafuata taratibu na kujirekebisha, mpaka ikafika siku Fundi alipomkagua toka utosini hadi unyayoni asione kosa hata moja, huku harufu ile ikiwa imeingia hadi kwenye mito, na ndipo alipoogopa kuliko siku zote, maana alimpenda mkewe na sasa hakuwa na pa kumtofautishia.

Fundi akamwita mganga, naye akaja alasiri. Alinusa mlangoni, akamvuta Fundi pembeni.

"Mkeo yu hai," alinong'ona. "Yuko huko alikotoka huyu jini wa ndege yako. Nikimfukuza huyu, mkeo atapata njia ya kurudi, lakini ni nyembamba. Anaweza kufika, anaweza kupotelea humo humo."

"Akipotea, mzee?"

"Utabaki peke yako."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Mganga akafukiza ubani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Jikoni kukalipuka kilio, na sauti ilikuwa ya mkewe, yenye mkwaruzo uleule aliouzoea miaka yote ya ndoa.

"Naumia, mume wangu. Utamruhusu aniue, halafu ulale na nani nyumba hii?"

Mtu ambaye hakuwahi kupitisha kipande cha bandia maishani mwake alijikuta ameushika mkono wa mganga.

"Acha, mzee."

"Nikiacha sasa, njia inajifunga. Siwezi kuifungua tena."

"Nimesema acha. Nakuomba."

Mganga alimtazama kwa huruma, akazima ubani, akachukua mkoba wake akaenda.

Kilio kilikoma. Yule wa jikoni akaja, akamwekea kikombe cha chai, akakaa karibu naye.

"Ahsante," alisema kwa upole. "Mkeo alikuwa ameshafika mlangoni. Amekusikia."