Maneno ya Baba Ukumbini Alby

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe 13 Novemba 2010. Asubuhi Diane aliosha vyombo, akafagia, akamtafutia baba yake soksi. Kisha wakashuka ghorofa zote kwa ngazi, maana lifti ilikuwa imekufa tena.

"Wenye nyumba wangekuwa wanapanda hizi ngazi wao," alinung'unika Mzee Herménégilde, "ingetengenezwa jana."

"Ja, pappa," Diane alijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na ndiye aliyemsemea baba yake kwa daktari wa meno, benki na kila ofisi. Watoto wengi wa Alby, mtaa wao wa wahamiaji, walifanya kazi hiyo.

Siku hiyo walikwenda ukumbini. Shirika moja lilikuwa limeandaa mpango wa matibabu kwa watu wa visiwa vya mbali, ambako mataifa makubwa yalijaribu mabomu ya nyuklia zamani. Mionzi ilibaki, na watu wakaugua saratani. Kabla ya kuupitisha mpango, shirika lilitaka kwanza kuwasikia watu waliowahi kuuguza wakiwa ugenini. Mama mmoja kutoka visiwani alikaa mbele, mikono mapajani, mkalimani wa Kiingereza kando yake.

Mwenyekiti, Birgitta, alisoma kifungu: mgonjwa mahututi atapelekwa kwa ndege hospitali kubwa ng'ambo, peke yake. Diane alimtafsiria baba. Mzee akasimama.

"Mke wangu Concessa aliugua kule kambi ya wakimbizi," alisema kwa Kiswahili. "Wakubwa wakampakia garini, wakasema anaruhusiwa mgonjwa tu. Alikufa huko mjini bila hata mtu wa kumwuliza kwa lugha yake kama ana kiu. Na hawa nao wanataka yale yale! Kwani wao wakiugua hulala peke yao? Waambie, Diane. Mgonjwa aende na mtu wake, la sivyo mpango huu ni wa kutupa!"

"Haya, redio imeshawashwa," Natacha, rafiki wa Diane, alinong'ona kutoka nyuma. Wasichana waliokaa naye wakacheka.

Masikio ya Diane yakawaka moto. Akasema harakaharaka kwa Kiswidi, "Mama yangu alisafirishwa hivyo hivyo. Baba anasema mpango ni mzuri."

Uso wa Birgitta ukang'aa. "Kama hata aliyepitia hayo anakubali, basi kifungu kipite." Watu wakapiga makofi.

Mzee alidhani yanapigiwa maneno yake. Alimshika Diane bega. "Umeona, mwanangu? Kumbe wapo wakubwa wanaosikia!" Akatabasamu, tabasamu ambalo Diane hakuwahi kuliona. Kule mbele, mama wa visiwani aliinamisha kichwa.

Diane alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Subirini!" alisema. "Nimedanganya. Baba hakusema hivyo." Akarudia kila neno, hata yale makali juu ya wakubwa. Kisha akamgeukia baba yake, akamweleza alilofanya, safari hii kwa Kiswahili.

Tabasamu la mzee likazimika. "Ulinionea aibu?"

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

Mzee aliketi kitini. "Miaka yote nawalaumu wakubwa kwamba hawasikii. Leo walikuwa tayari, na mwanangu ndiye aliyewaziba masikio. Nimekusamehe. Ila mtu akikupa neno lake ulifikishe, lifikishe zima, hata kama linakuchoma. Huwezi kujua ni mgonjwa gani analitegemea."

Diane aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka mbele ya watu wote.

Birgitta alikifuta kifungu, akaandika kipya: kila mgonjwa atasafiri na ndugu yake. Hapo mama wa visiwani akasimama. Alisema Kiingereza polepole, na Diane akamtafsiria baba yake bila kupunguza kitu.

"Nashukuru. Hao watakaokuja watakuwa na mtu wao. Lakini dada yangu alishapelekwa zamani peke yake, na wengine wengi, wakazikwa hukohuko."

Birgitta aliitazama kalamu yake.

"Nani," aliuliza yule mama, "atatuonyesha makaburi yao?"