Uso wa Seth kwenye Mfuko wa Simenti

"Yudith, kaa kwanza."

"Sikai, dada. Sema hivyo hivyo."

Dada yangu Frida alikuwa ameshika mkono wa simu katika duka la jirani, la vifaa vya ujenzi, kama mtu asiyejua pa kuuweka. Ilikuwa asubuhi, mwaka ule wa mvua za Elnino, na soko lote la Majengo lilikuwa tope tupu.

"Lori lilikuwa linavuka korongo, njia ya Mpwapwa," alisema. "Maji yakaja."

"Seth alikuwemo?"

Alirudisha simu mahali pake polepole, kisha akanishika mabega. Siku hiyo ndiyo Seth alianza kutokuwepo.

Alikuwa akiuza misumari na simenti katika duka lile. Mimi na Frida tulikuwa tukiuza mtama na karanga mlango wa pili. Kuchora kulikuwa kazi yake ya jioni, ya kupenda tu. Safari ile alikuwa anakwenda kwao kumwambia mama yake kwamba amepata mchumba, mimi, msichana wa Kihaya, na kwamba anataka kuoa mvua zikikatika.

Walimpata baada ya siku kadhaa, mbali na barabara, mchangani. Jeneza halikufunguliwa. Picha yake pekee ilikuwa ile ya kitambulisho, na ilikuwa mfukoni mwake. Maji yaliifuta. Studio hakuwahi kukubali kwenda, hata nilipombembeleza.

"Mimi nakaa upande huu wa karatasi," alikuwa akiniambia. "Upande ule kaa wewe."

Tulivyoanza ilikuwa hivi. Nilimkuta amekaa juu ya mifuko ya simenti, anamchora punda wa mteja.

"Unamchora punda au unamwongezea masikio?" nilimchokoza.

"Wewe unayejua, njoo umchore."

Nikamchora. Seth alicheka mpaka akashika ubavu.

"Dada, huyu ni sungura aliyebeba gunia!"

"Basi nifundishe, mwalimu."

"Kwanza usiibane penseli kama unafanya mtihani. Ishike huku nyuma. Mkono wote uchore, kuanzia begani."

Penseli alizichonga kwa wembe, ncha ndefu, kwa sababu kichongeo kilizivunja zile laini. Lakini alichopenda hasa ni mkaa. Alikuwa akichagua vipande vyembamba na vyepesi, anavijaribu ukutani kwanza. Kinachokwaruza kama msumari alikirudisha jikoni. Karatasi yake ilikuwa ya mfuko wa simenti: anaukung'uta vumbi, anatumia ile karatasi ya ndani.

"Kwa nini hununui karatasi nyeupe?" nilimuuliza. "Siku hizi maduka yamejaa vitu vya Dubai."

"Nyeupe ya nini? Hii tayari ina rangi yetu. Penye kivuli naweka mkaa, penye mwanga naweka chaki. Kilichobaki ni ngozi yako yenyewe. Geuka kidogo. Hapo hapo."

"Unanichora au unanitazama?"

"Nitachoraje bila kutazama? Ndiyo raha ya kazi hii."

Aliniwekea mkaa mkononi jioni ile ile.

"Usianze na macho," alisema. "Kila mtu anaanza na macho, ndiyo maana watu wao wote wanatoka wameshtuka. Fumba macho yako nusu. Unaona giza liko wapi? Liweke kwanza. Macho yatakuja yenyewe."

Niliweka giza chini ya nyusi zake, chini ya pua, chini ya mdomo. Na kweli, macho yakaja. Nilikaa nikitazama vidole vyangu vyeusi, nisiamini kwamba ni vyangu. Mchoro ule alimpelekea rafiki yake aliyeko Chamwino amwonyeshe. Haukurudi, na sikuudai. Nilijua mwenye uso nitamwona kesho.

Baada ya mazishi nilikata karatasi ya mfuko wa simenti nikakaa kumchora. Akatoka mtu mwingine. Nikachora tena. Akatoka mwingine, anafanana na yule wa kwanza, wala si Seth.

"Dada, nyusi zake zilikuwaje?" nilimuuliza Frida.

"Nyusi... zilikuwa nyusi, Yudith."

"Zilikutana katikati?"

"Sijui, mdogo wangu. Sikuwa namtazama mimi. Ulikuwa unamtazama wewe."

Sauti yake nilikuwa nayo. Harufu ya simenti kwenye shati nilikuwa nayo. Uso ulikuwa unakwenda, na nisingeuweka kwenye karatasi mapema, ungekwenda wote.

Ilipofika siku ya kuanua matanga nilipanda basi la Mpwapwa. Kwenye kikapu niliweka mkaa, chaki, mkate na karatasi ile, ingawa sikujua nitachora nini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu mama Penina, mama yake Seth. "Umekuja."

"Nimekuja, mama."

"Na yeye alikuwa anakuja. Kwa ajili yako."

Aligeuka akaenda. Nikaenda jikoni kuwasaidia wanawake kupepeta.

Kesho yake asubuhi watu wa nyumba ile walinyolewa nywele kwa wembe, kama inavyofanywa, ili msiba uishe. Mimi sikunyolewa. Sikuwa wa nyumba ile. Nilikuwa nimebeba maji nyuma ya zizi wakati mama Penina alipotoka kivulini, kanga iko mabegani, kichwa kitupu.

Ndoo ikanitoka.

Lile paji la uso! Lile bonde dogo juu ya sikio, ule mfupa unaoshuka kutoka shavuni hadi kidevuni. Na nyusi hazikukutana. Iliachwa nafasi ndogo katikati, kama njia. Jua la asubuhi lilikuwa limempiga upande mmoja. Nilimwona Seth amesimama mlangoni kwao, ananitazama kwa hasira ya mama yake.

"Una nini wewe? Unamwaga maji?"

"Mama, naomba ukae hapo hapo."

"Nikae kama nani?"

"Naomba nikuchore."

"Kunichora! Leo? Na kipara hiki?"

"Ni kwa ajili ya kipara hicho, mama. Uso wa Seth umenipotea. Nautafuta siupati. Sasa hivi nimeuona. Uko kwako."

Nilitegemea anifukuze. Alitazama kwenye zizi, kisha akavuta kigoda.

"Na mimi umenipotea," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni mimi tu. Nikaona aibu. Mama mzima, nimemzaa mwenyewe, halafu nimwambie nani?"

Akakaa.

Nilinyoosha mkono nikiwa nimesimamisha kijiti, nikapima toka utosini hadi kidevuni. Kiwiko nilikikaza, kwa kuwa Seth alisema kikikunjwa kipimo kinadanganya. Nikafumba macho nusu. Nikaweka giza.

Wanawake walitoka jikoni mmoja mmoja. Mama Penina aliinuka mara akaja kutazama.

"Sikio la kushoto lilikunjika juu. Alizaliwa nalo."

"Hivi?"

"Zaidi kidogo. Hapo. Ila mdomo siyo. Huo ni wangu. Wake ulikuwa wa baba yake, marehemu."

"Sasa nitaupata kwa nani, mama?"

Alifikiri kidogo, kisha akapaza sauti.

"Matonya! Njoo utuazime mdomo!"

Baba mdogo wa Seth alikuja anapapasa kichwa chake kilichonyolewa, akatusalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi! Mdomo wangu una kazi gani leo?"

"Ya kunyamaza," alisema mama Penina.

"Hiyo siiwezi, shemeji. Nipeni nyingine."

Watu walicheka, ndani ya ua ule, siku ile. Nilikanda kiini cha mkate mpaka kikawa laini, nikaufuta nacho mkaa pale palipokuwa na mdomo wa mama, nikaanza upya.

"Baba mdogo, usiongee."

"Sijaongea. Nimehema."

"Hema kwa pua," shemeji yake alimwambia.

Niliweka kivuli chini ya mdomo, kisha nukta ya chaki juu yake. Nukta moja tu. Nikarudi nyuma hatua chache.

Hakuna aliyesema neno. Hata Matonya. Kwenye karatasi ya simenti, kutoka kwa mama na baba mdogo, Seth alikuwa amekuja. Si mkono wangu uliojua. Nilikuwa nimeweka giza mahali pa giza, basi. Lakini alikuwa yeye, na alikuwa karibu kucheka.

"Seth," mama Penina aliita, kama anavyoitwa mtu aliyefika uani na hajakaribishwa.

Matonya alinyoosha kidole.

"Usiguse, baba mdogo! Mkaa unafutika."

"Kumbe atafutika tena?" aliuliza mama, akashtuka.

"Hafutiki. Naomba maziwa, mama. Yaliyotolewa malai, yale mafuta ya juu."

"Njaa imekushika saa hii?"

"Ya kupulizia picha. Maziwa mepesi yakikauka yanaushika mkaa. Mtu anapuliza kwa mdomo, kwa mbali, yatoke kama ukungu."

"Mpulizaji ni mimi," alisema.

Alipuliza. Ukungu mweupe ulimshukia mwanawe na jua likapita ndani yake. Alirudia taratibu mpaka nilipomwambia inatosha. Kisha akafuta midomo kwa kanga.

"Mkwe wangu," alisema, "nenda kanawe mikono ule. Umekuwa mweusi kama sufuria."

Sasa picha ile iko Mpwapwa, sebuleni, nyuma ya kioo. Mimi bado nauza mtama Majengo. Nikipata nafasi napanda basi, na mama Penina anakaa kwenye kigoda kwa saa nzima bila kutikisika. Nywele zake zimeota, nyeupe. Namchora yeye.