Walimuua Jirani Yetu Huku Sauti Yangu Ikisikika Kwenye Simu

Nina umri wa miaka arobaini na nne. Nimeolewa, nina wasichana wawili, na ni mhadhiri wa kilimo katika chuo kikuu kimoja hapa Machakos. Hicho cheo changu mkishike vizuri, wasomaji wenzangu, kwa maana bila hicho kuna mtu angekuwa hai leo akipalilia mbaazi zake huko kwetu Kalama.

Chuoni kwetu kulikuwa na mtindo mmoja. Kila Jumatatu ofisi ya mawasiliano ilibandika kwenye ubao picha za wahadhiri waliosikika redioni au kuonekana kwenye runinga na magazeti wiki iliyopita. "Wataalamu Wetu Katika Habari," ndivyo ilivyoandikwa juu. Usipoonekana pale kwa muda, mkuu wa kitivo anakuuliza mbele ya wenzako kama bado uko nasi. Ukitaka kupandishwa cheo, orodha hiyo inatolewa kwanza. Basi tukawa tunaigombania kama watoto!

Na mimi niliipenda. Mbona nifiche? Nilipenda kuitwa Daktari hewani. Nilipenda mwanamke wa kibanda cha mboga aniambie, "Daktari, nimekusikia leo!" Nikaanza kujibu hata yasiyonihusu... ndoa za wanafunzi, siasa za maji, mitetemeko ya ardhi. Neno "sijui" nililiona ni la watu ambao hawakusoma.

Ijumaa moja asubuhi nilialikwa kwenye redio ya Kikamba ya hapa mjini kuzungumzia mbegu za msimu. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha wiki mbili kabla, baada ya kiangazi kirefu, na wakulima walikuwa na maswali mengi. Niliyajibu yote, nikajisikia vizuri sana.

Kipindi kikiwa karibu kuisha, akapiga simu mwanamume mmoja kutoka Kalama. Alipofungua mdomo tu nikamtambua. Alikuwa Musyoka, kaka yangu wa tumbo moja!

Hakusema sisi ni ndugu, nami sikusema. Tulizungumza Kikamba, ila nawaandikia kwa Kiswahili. "Daktari," akasema, "ng'ombe zangu nne zimekufa jana. Zimetoka kunywa maji kwa birika, zikaanguka na povu kwa mdomo. Hata saa moja haikuisha. Hii ni nini?"

Nilijua birika hilo la saruji la kunyweshea mifugo. Liko mpakani, kati ya shamba la Musyoka na la Mutuku, jirani yetu. Wawili hao walikuwa wamegombania mpaka huo miaka mingi, na kijiji kizima kilijua. Nilijua nikisema nini, nani atatazamwa. Nilijua!

Kila mwaka nawafundisha wanafunzi wangu kwamba mnyama akifa ghafla, swali la kwanza ni moja tu: alikula nini? Siku hiyo sikuuliza. Nilisema, "Ndugu yangu, hiyo ni sumu. Hakuna ugonjwa unaoua ng'ombe wanne kwa saa moja."

Mtangazaji akaruka. "Kwa hivyo kuna mtu ameiweka?"

Muziki wa kumaliza kipindi ulikuwa umeanza. Nilitaka neno la mwisho liwe tamu. Nikasema, "Sumu haijiweki yenyewe kwa maji. Huo ni mkono wa mtu."

Mtangazaji akapiga meza kwa furaha. "Mmemsikia mtaalamu!" akasema. Nikatoka studio nikitabasamu.

Kesho yake, Jumamosi, nikaenda nyumbani kumwona mama. Nilibeba mkate na sukari. Na kusema kweli, nilikuwa naenda kupongezwa.

Saa nne asubuhi nilipokaribia kwetu nikasikia kelele. Si kelele za sherehe... Watu kama hamsini walikuwa wamejaa uani kwa Mutuku na mapanga, rungu na mipini ya majembe. Wengi nilikuwa nawajua. Wengine nilisali nao kanisa moja tangu utotoni.

Mutuku alikuwa chini. Shati lilikuwa limechanika lote na sikio moja linaning'inia. Mkewe Mbithe, ambaye tulikalia naye dawati moja shule ya msingi, alikuwa amemlalia juu akipiga mayowe. Wakamvuta kwa nywele, wakamtupa kando. Aliponiona akasema, "Syombua! Waambie! Wewe ni daktari, waambie!"

Nikapenya katikati yao. Nikapaza sauti, "Wacheni! Mnaua mtu!"

Hapo kijana mmoja akanisukumia simu usoni. "Si ni wewe ulisema? Sikiza!" Akabonyeza kipindi alichokirekodi. Na pale uani, juu ya mtu anayevuja damu, nikasikia sauti yangu mwenyewe, safi, ya kisomi, imejaa maringo... "Huo ni mkono wa mtu."

Watu wakanguruma. Akabonyeza tena. "Huo ni mkono wa mtu."

Kaka yangu Musyoka alikuwa amesimama na mpini wa jembe, macho mekundu. Akainua mkono, wote wakanyamaza. "Daktari," akasema, "jana ulisema. Ama ulidanganya?"

Ndugu zangu, nilipewa nafasi! Watu hamsini walinyamaza wakinisikiliza. Ningesema, "Sikujua. Sikuuliza. Nilijisemea tu." Maneno hayo yangetosha. Mnajua nilisema nini? Nilisema, "Mimi nilizungumza kwa ujumla. Sikutaja jina la Mutuku."

Kwa ujumla! Mtu anakufa, nami nalinda heshima yangu!

Musyoka akageuka, akamshushia Mutuku mpini kichwani. Ule mlio bado nausikia nikipasua kuni. Kisha wote wakamwangukia. Nilivuta mashati, nikauma mkono wa mtu, nikapigwa rungu la bega nikaanguka. Nikiwa chini nilimwona Mutuku akijaribu kutambaa kwenda kwa mkewe, na mtu akamkanyaga vidole. Hakuwa akilia tena. Alikuwa anasema tu, "Si mimi... si mimi..."

Wakachoma ghala, wakachoma nyumba. Mbithe akaingia kwenye moto kumtoa mtoto wao mdogo, akatoka naye mzima, lakini mikono yake iliungua mpaka kwenye viwiko. Chifu alipofika na askari, watu walikuwa wameshatawanyika. Mutuku alikata roho kabla ya kufikishwa hospitalini. Jioni hiyo hiyo wakamkamata kaka yangu, na damu ikiwa bado kwenye suruali.

Jumapili sikuweza kwenda kanisani. Niliingia shambani kwa Musyoka peke yangu, bega likiniuma, kutafuta walichokula wale ng'ombe. Nikafika kwenye kipande alichovuna mtama mwaka uliopita. Uzio ulikuwa umeangushwa. Visiki vya mtama vilikuwa vimechipuka kwa ile mvua ya kwanza, machipukizi laini ya kijani... na yote yalikuwa yameliwa. Kwato za ng'ombe zilikuwa zimejaa kwenye tope, zikielekea moja kwa moja kwenye birika.

Nikakaa chini pale pale. Machipukizi ya mtama baada ya kiangazi yana sumu inayoua ng'ombe upesi sana. Hilo nalifundisha mwaka wa pili, muhula wa kwanza! Ng'ombe walikula mtama, wakaenda kunywa maji, wakafa. Hakuna aliyeweka kitu. Birika halikuwa na kosa, na Mutuku hakuwa na kosa. Jibu lilikuwa ndani ya somo langu mwenyewe, nami nililiruka nikimkimbilia mtangazaji.

Jumatatu nikaripoti kazini. Kwenye ubao, picha yangu ilikuwa ya kwanza. Mwenzangu mmoja akanipa mkono, "Hongera Daktari, wiki hii umetuwakilisha!"

Nikaenda kwa mkuu wa kitivo, nikamweleza yote. Alifunga mlango. Aliniambia kwa upole kwamba kesi inakwenda mahakamani, kwamba chuo kina jina la kulinda, kwamba nikitulia mambo yatapoa. Mama naye alinishika magoti akilia. "Ukisema hizo ng'ombe zilikula mtama," akaniambia, "utakuwa umemfunga kaka yako kamba shingoni. Wacha iwe Mutuku aliweka. Yeye ameenda, hataumia tena."

Nikanyamaza. Miezi mitatu! Nilifundisha, nikasahihisha mitihani, nikala, nikalala. Je, mimi na Musyoka ni nani aliyekuwa mbaya zaidi? Yeye alikuwa na hasira. Mimi nilikuwa na akili zangu timamu.

Siku moja mchana natoka darasani na wanafunzi wangu, nikamkuta Mbithe amesimama nje. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa makovu. Hakunisalimia. Aliniuliza, "Syombua, wewe unajua ni nini iliua zile ng'ombe?"

Nikasema, "Najua." Nikamweleza habari ya mtama.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumapili ile, kesho yake alipouawa."

Alinizaba kofi, miwani yangu ikaruka ukutani. Akanizaba la pili. Wanafunzi wakataka kumshika, nikawaambia wamwache. "Watu hawanunui mbaazi zangu!" akapiga kelele. "Sokoni wanasema niko na sumu kama bwanangu! Watoto wangu shuleni hakuna mtu anakula na wao. Kikombe wakishika kinatupwa! Na wewe unajua, na unafundisha hapa umevaa viatu safi! Enda useme. Kwa ile redio, si kwa ingine. Watu ni wale wale."

Wiki iliyofuata nilienda. Nilipita kwanza kwetu kumwambia mama, naye akasimama mlangoni kunizuia, akaniambia nikitoka nisirudi kumwita mama. Nilitoka. Mtangazaji alinikaribisha kwa vyeo vyangu vyote kama kawaida. Nikamwambia siku hiyo avitoe, aseme tu ni Syombua wa Kalama.

Nikasema hewani kwamba ng'ombe wa Musyoka waliuawa na machipukizi ya mtama. Nikasema Mutuku hakuweka sumu. Nikasema niliulizwa jambo nisilolijua, nikaona aibu kusema sijui, na watu wakaua kwa sababu waliniamini. Simu zikamiminika. Waliniita muuaji, wakaniita mchawi mwenye digrii. Mmoja akasema ningechomwa mimi.

Mbithe hakupiga simu, wala sikumtarajia.

Kaka yangu bado yuko rumande. Nilipomtembelea, alisimama nyuma ya wavu akaniuliza, "Kwa hivyo niliua mtu bure?" Nikamwambia ndiyo. Akapiga kichwa chake kwenye chuma mpaka askari wakamvuta ndani, na hajakubali kuniona tena. Mama hanisemeshi. Chuoni barua ya onyo ninayo, na picha yangu haijabandikwa tena. Juzi mwandishi mmoja alinipigia kuhusu wadudu wa mahindi, nikamwambia sijawaona, kwa hivyo sijui. Akaniaga.

Wenzangu mliosoma, nawaomba sana! Mkiwekewa maikrofoni mbele, mkiulizwa msilolijua, semeni hamjui. Aibu yake ni ya dakika moja. Nanyi mnaosikiliza, mtaalamu ni mtu tu. Muulizeni ameona nini kwa macho yake kabla hamjanyanyua rungu.

Na kuna ombi moja lililobaki, kwa ninyi wa huku kwetu. Mkipita soko la Kalama siku ya soko mtamwona mwanamke mwenye makovu mikononi, amekaa peke yake mwisho wa mstari. Nunueni mbaazi zake. Ni safi. Hilo nalijua, sikukisia, kwa sababu nilimtuma mtu akaninunulia, nikazipika na kuzila.